P0455 na P0441 pamoja, gari linasumbua kuwaka baada ya kujaza petroli, kifuniko tayari kipya

Mpira_Mkavu:
Habari wakuu. Naomba msaada wa kusoma dalili kabla sijanunua spea nyingine.

Gari ni la petroli, lita 1.8, silinda nne, la mwaka 2009. Lilitengenezwa kwa soko la Marekani, kwa hiyo lina sensa ya presha juu ya tangi na vali ya hewa kwenye kanista (kopo la mkaa linalonasa mvuke wa petroli) kule nyuma. Taa ya injini imewaka na skana (kifaa cha kusoma namba za makosa) inasoma P0455 na P0441, hakuna namba nyingine. Nilizifuta zote mbili. P0441 ikarudi siku ya pili, P0455 siku ya nne.

Linalonisumbua zaidi ni hili: nikitoka kujaza mafuta, stata inazungusha vizuri sekunde sita au saba, injini inashika kwa kukohoa, inatetemeka kama nusu dakika halafu inatulia. Asubuhi tangi likiwa nusu inawaka mara moja. Mara tu baada ya kujaza, marekebisho ya mafuta ya muda mfupi kwenye skana yanashuka hadi asilimia hasi 18, kisha yanarudi polepole karibu na sifuri nikiendelea kuendesha.

Kifuniko cha tangi nimebadilisha, si cha kampuni iliyotengeneza gari ila kinakaza na kulia. Nina multimita na skana inayoweza kuamrisha vali. Mashine ya moshi, ile ya kujaza moshi kwenye mfumo ili mvujo uonekane, sina. Nianzie wapi?

---

KipimoKwanza:
Mkuu, umefanya vyema kuandika dalili ya kujaza mafuta, maana hiyo peke yake inaeleza zaidi ya namba zote mbili.

Kwanza tuelewane kuhusu namba. P0455 haisemi "badilisha kifuniko" wala haitaji spea yoyote. Inasema kompyuta ilifunga mfumo wa mvuke wa petroli, ikasubiri presha au mvuto vikae, havikukaa, na tundu linaonekana kubwa. P0441 inasema mvuke ulipita wakati haukuamrishwa, au haukupita ulipoamrishwa. Sasa jiulize: ni kitu gani kimoja kinachoweza kufanya yote mawili, na pia kumwaga mvuke mwingi kwenye injini tangi likijazwa? Ni vali ya kufyonza, ile mafundi wanayoiita paji, iliyo karibu na manifoldi ya kuingizia hewa. Ikibaki wazi, au ikifunga nusunusu, una mvujo ambao huwezi kuunusa wala kuuona nje, kwa sababu unavujia ndani ya injini.

Jinsi inavyokuwa: petroli ikiingia kwenye tangi inausukuma nje mvuke uliokuwemo. Mvuke huo unapita kwenye kanista, unanaswa na mkaa, na hewa iliyosafishwa inatokea kwenye vali ya hewa. Paji ikiwa wazi, sehemu ya mvuke inapanda paipu hadi kwenye manifoldi na kukaa pale ukisubiri. Ukipiga stata, silinda zinapata mvuke huo pamoja na petroli ya nozeli. Mchanganyiko unakuwa mzito kupita kiasi, injini inakohoa. Hasi 18 yako ni kompyuta inapunguza petroli ili kufidia mvuke ambao haikuuomba.

Kwa muda huu, likigoma baada ya kujaza, kanyaga pedali ya mafuta hadi mwisho huku ukipiga stata. Magari mengi ya nozeli hukata petroli pedali ikiwa chini kabisa wakati wa kuwasha, hivyo silinda zinapata hewa ya kusafisha. Ikishika tu, achia.

Kipimo cha paji hakihitaji mashine ya moshi:

Washa injini ikiwa baridi, bila kukanyaga mafuta. Fuata paipu nyembamba inayotoka kwenye vali kwenda nyuma ya gari, ichomoe upande wa kanista, siyo ule wa manifoldi. Weka kidole kwenye mdomo wa vali. Injini ikiwa baridi, kompyuta kwa kawaida haijaanza kuamrisha ufyonzaji, kwa hiyo kidole kisivutwe hata kidogo. Kikivutwa, chomoa soketi ya waya. Kama bado kinavutwa na umeme haupo, vali imekwama wazi na hakuna haja ya kutafuta waya. Kama mvuto unakatika soketi ikichomolewa, vali ni nzima na kuna kitu kinaipa amri: waya umegusa bodi, au kompyuta yenyewe.

Usikimbilie kusema nzima kwa kidole peke yake. Mvujo mdogo kidole kinaukosa. Itoe vali, iweke pampu ya mkono ya mvuto upande wa manifoldi, vuta hadi kilopaskali 50, tazama sindano kwa dakika moja. Inatakiwa kusimama. Ikishuka, vali haifungi.

---

Oringi_22:
Naungana na KipimoKwanza kuhusu paji, ila kifuniko tusikipite haraka hivyo. Kulia si ushahidi wa kuziba. Mlio ni wa meno ya kizuizi cha kukaza, hauhusiani na mpira. Vifuniko visivyo vya asili mara nyingi vinakaza vizuri lakini mpira wake ni mwembamba au kipenyo kimezidi kidogo, na ndani yake kuna vali ndogo ya kupunguza presha ambayo ikiwa dhaifu inavuja ingawa kwa nje kila kitu kinaonekana safi.

Angalia pia mahali kifuniko kinapokalia. Pitisha ukucha kwenye mdomo wa shingo ya tangi, mzunguko mzima. Ukucha ukikwama kwenye kutu au mkwaruzo, hata kifuniko cha asili hakitaziba. Pale pafutwe kwa kitambaa kikavu tu. Msasa unaacha mikwaruzo inayovuja zaidi ya ile ya mwanzo.

Halafu fungua kinga ya plastiki ya tairi la nyuma upande wa kujazia. Tope na chumvi vinajikusanya nyuma yake, na shingo ya chuma inaoza kuanzia upande usiouona. Gonga kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu.

Swali moja: ukifungua kifuniko baada ya kuendesha, kuna sauti ndefu ya kunyonya hewa? Na bunduki ya mafuta hukata mapema kabla tangi halijajaa?

---

Mpira_Mkavu:
Shukrani wakuu. Hakuna sauti ya kunyonya, na bunduki haikati mapema. Shingo ni safi.

Rafiki amependekeza tupulize hewa ya kompresa kwenye shingo ya tangi, nikipaka maji ya sabuni kwenye viungo nione mapovu. Inafaa?

---

Nyaya_na_Mipira:
Hapana, hapana. Msifanye hivyo, nakuomba mkuu.

Sababu ya kwanza ni moto. Mvuke ndani ya tangi kwa kawaida ni mzito mno kuweza kuwaka, hewa haitoshi. Ukipuliza hewa ya kompresa unaleta oksijeni ile iliyokuwa inakosekana, na humo ndani kuna pampu ya umeme na waya za geji. Ndiyo maana mafundi makini wanaweka naitrojeni au gesi ya kaboni dioksaidi kwenye mashine ya moshi badala ya hewa.

Sababu ya pili ni presha. Mfumo huu unapimwa kwa takribani nusu ya psi, yaani kilopaskali 3.4 hivi, au inchi 14 za maji. Kompresa ya kujazia tairi inatoa mara mia na zaidi ya hapo. Hata ukiifungua kidogo tu, utapasua sensa ya presha, utachana kiwambo cha paji, au utavimbisha tangi la plastiki. Ulikuja na tundu moja, utaondoka na manne.

Majibu yako kwa Oringi_22 yanasaidia. Hakuna kunyonya na bunduki haikati, maana yake njia ya hewa ya kanista haijaziba. Njia hiyo ikiziba kwa vumbi au utando wa buibui, tangi linashindwa kupumua. Buibui si hadithi: mwaka 2011 Mazda iliita tena magari ya Mazda6 kwa sababu aina fulani ya buibui ilikuwa inajenga utando kwenye paipu ya hewa ya mfumo huu, na tangi likapata mvuto hadi kuweza kupasuka.

Lakini kupumua vizuri hakuthibitishi kwamba vali ya hewa *inafunga*. Ikishindwa kufunga, mvuto hautajengeka kamwe, na P0455 itakuja vilevile. Hii ipime kwa skana. Injini imezimwa, swichi imewashwa, amrisha vali ya hewa ifunge. Mtu awe nyuma asikilize "tak" moja. Usiposikia, pima umeme kwenye soketi yake: waya mmoja uwe na volti 12 swichi ikiwashwa, ule mwingine ndio kompyuta inaoupeleka eathi. Vali yenyewe na ile paji kwa magari mengi husoma kati ya ohm 15 na 40, ila kitabu cha gari lako ndicho mwamuzi.

Ukitaka kuipima mezani, itoe kabisa kwenye gari. Bila umeme upulize kwa mdomo, hewa ipite. Ipe volti 12 kupitia fyuzi ndogo, hewa ikate kabisa. Usiunganishe waya za betri chini ya gari karibu na tangi. Cheche moja inatosha.

---

KipimoKwanza:
Niongeze sensa ya presha, maana kompyuta inaamini kila inachosema. Fungua kifuniko kabisa, swichi iwe imewashwa, soma presha ya tangi kwenye skana. Tangi likiwa wazi, jibu sahihi ni sifuri au karibu yake kabisa. Volti zake zinatofautiana: baadhi ya magari husoma karibu 1.5 tangi likiwa wazi, mengine karibu 2.5. Kifuniko kikiwa mkononi mwako na skana inaonyesha mvuto wa inchi kadhaa za maji, sensa inadanganya au waya wake una shida, na vipimo vingine vyote havina maana mpaka urekebishe hapo.

Sensa ikisema kweli, una mashine yako ya kupimia tayari ndani ya gari. Tangi liwe kati ya robo na robo tatu, injini ikinguruma. Amrisha vali ya hewa ifunge, kisha amrisha paji ifungue kidogo, asilimia 20 hadi 30. Tazama presha ya tangi ishuke chini ya sifuri taratibu. Ikifika inchi 7 au 8 za maji chini ya sifuri, amrisha paji ifunge. Hapo ndipo pa kutuliza macho:

Namba ikisimama, mfumo umeziba. Ikirudi haraka kuelekea sifuri, kuna tundu nje. Ikiendelea kushuka ingawa paji imeambiwa ifunge, paji haifungi, injini bado inavuta kupitia humo. Usiuache mvuto uzidi inchi 14 hivi, fungua vali ya hewa mara moja.

---

Mpira_Mkavu:
Nimepima yote leo.

Sensa, kifuniko kikiwa wazi: sifuri kamili. Vali ya hewa inalia "tak", ohm 24, ikipewa umeme inakata hewa kabisa. Paji ohm 26. Nilipofanya kipimo cha mvuto, namba iliendelea kushuka baada ya kuamrisha paji ifunge, nikafungua vali ya hewa ilipofika hasi 11. Kidole kinavutwa hata soketi ikiwa imechomolewa.

Nimetoa paji na kuigonga taratibu juu ya karatasi nyeupe. Zimetoka punje nyeusi ndogo ngumu, kama kumi na tano, pamoja na unga mweusi. Nyingine nimeziona zimebana kwenye mdomo wa ndani. Ni uchafu wa barabarani?

---

Nyaya_na_Mipira:
Huo si uchafu, ni mkaa wa kanista yako. Ichukue punje moja uibonyeze kwa bisibisi juu ya karatasi. Itasagika na kuacha alama nyeusi kama ya penseli. Mchanga hausagiki hivyo.

Ndani ya kanista mkaa umeshikwa na vichujio vya sponji pande zote. Sponji ikichanika au ikioza, punje zinavutwa kila paji inapofunguka, zinasafiri paipu yote hadi mbele, na moja ikilala kwenye kiti cha vali, vali haifungi tena. Ohm 26 ni koili nzima. Umeme haukuwa na kosa tangu mwanzo.

Kinachoozesha sponji mara nyingi ni petroli yenyewe, ile ya maji siyo mvuke. Bunduki ya mafuta inapokata, nafasi iliyobaki juu ya tangi imeachwa makusudi kwa ajili ya mvuke kupanuka. Ukiendelea kubonyeza ili kukamilisha hesabu, petroli inapanda hadi kwenye paipu ya mvuke na kumwagikia mkaa. Mkaa uliolowa haunasi tena.

Sasa tafadhali usibadilishe paji peke yake. Paji mpya juu ya kanista iliyopasuka itadumu hadi punje inayofuata ifike. Utaratibu wake ni huu:

Toa kanista. Ipime kwa mkono, iinamishe. Ikimwaga petroli au ikisikika punje zikicheza kama njuga, imekwisha. Kuna wanaojaribu kuiosha kwa maji na kuianika juani, lakini sponji iliyochanika haijirudi kwa jua. Chomoa paipu ndefu pande zote mbili, kule kwenye kanista na huku kwenye paji. Kanista ikiwa nje kabisa, hapa ndipo unaweza kutumia hewa, ya presha ndogo, ukipuliza kutoka mbele kwenda nyuma, ncha ya nyuma ukiwa umeifunga kitambaa cheupe. Rudia hadi kitambaa kitoke safi. Usipulize paipu inayokwenda kwenye tangi. Angalia pia mdomo wa manifoldi ambako paji inaingilia, toa punje zilizobaki kwa kitambaa, usizisukume ndani.

Vali ya hewa yako nayo igonge kwenye karatasi. Punje zinaweza kwenda huko pia.

Viungo vya paipu vina klipu za kubonyeza. Ukisikia "klik", vuta kwa mkono kuhakikisha, kwani klipu iliyokaa nusu ndiyo tundu lako la kesho.

---

Mpira_Mkavu:
Swali la pembeni: hadi kanista ipatikane, naweza kuchomoa mpira wa paji na kuuziba pande zote?

---

Oringi_22:
Upande wa manifoldi, ziba. Hiyo inakusaidia, injini haivuti mvuke ovyo na haivuti punje. Upande wa kanista weka kofia ya plastiki ili vumbi lisiingie. Siku chache hazina neno. Lakini usiliache hivyo miezi, maana kanista isiyofyonzwa inajaa, na ikijaa mvuke unatoka nje kupitia vali ya hewa. Utaanza kunusa petroli ukiegesha, hasa sehemu iliyofungwa, na hapo hatari ni ya moto kabla ya kuwa ya mazingira.

Kitu ambacho usikizibe kamwe ni njia ya hewa ya kanista. Petroli inapungua, hewa haingii, tangi linajikunja na pampu inanyonya kwa shida.

Na taa itaendelea kuwaka, hilo lisikushangaze.

---

Mpira_Mkavu:
Wakuu, taarifa. Kanista mpya, paji mpya, paipu imepulizwa hadi kitambaa kikawa cheupe. Gari sasa linawaka mara moja hata baada ya kujaza, na marekebisho ya mafuta yanacheza kati ya hasi 3 na chanya 4. P0441 haijarudi.

Lakini baada ya siku tisa imekuja P0456. Kipimo cha mvuto kwa skana kinaonyesha namba inarudi pole sana, kama inchi moja kwa dakika. Nimepata fundi mwenye mashine ya moshi. Nimwambie aangalie nini?

---

KipimoKwanza:
Safi. Tundu kubwa limekwisha, na lililobaki lilikuwa limefichwa nyuma yake. P0442 ni kwa matundu ya milimita 1 hivi, P0456 ni yale ya nusu milimita, mdomo wa sindano ya kushonea. Huwezi kuyakisia.

Kwanza usiamini sana inchi moja kwa dakika. Petroli ikiwa ya moto au imetoka kutikiswa inatoa mvuke wenyewe, na mvuke unapandisha presha kama vile hewa inaingia. Rudia gari likiwa limelala usiku kucha.

Kuhusu moshi, mkumbushe haya. Tangi lisijae. Likijaa, vielea vya juu vinafunga njia na moshi haufiki upande wa pili. Nusu au chini ni nzuri. Kama gari lina mdomo wa huduma wenye kofia ya kijani karibu na injini, aingizie hapo. Kwa magari mengi kisindano cha ndani kina nyuzi za kinyume, kinafunguka ukizungusha upande wa saa, kwa hiyo asilazimishe. Vali ya hewa afunge kwa skana, au azibe mdomo wake kwa kofia.

Kabla ya kutafuta, afungue kifuniko cha tangi na asubiri hadi moshi utoke shingoni mnene. Hapo ndipo ajue mfumo wote umejaa. Afunge, asubiri dakika tano kamili, na atumie tochi kali kwa pembeni, siyo usoni. Moshi wa tundu la nusu milimita ni uzi mwembamba, upepo wa feni tu unaupoteza. Aanze juu ya tangi.

---

Oringi_22:
Aanze *kabisa* juu ya tangi, kwenye pete ya pampu ya mafuta. Mpira_Mkavu, pampu imewahi kufunguliwa?

---

Mpira_Mkavu:
Ndiyo, ilibadilishwa mwaka jana. Sijui kama mpira wa kuzibia ulibadilishwa.

---

Oringi_22:
Basi karibu nina hakika. Mpira wa pampu ukishaguswa na petroli unavimba na kurefuka. Ukitolewa haukai tena kwenye mfereji wake, unabenuka upande mmoja, na fundi anaubana hivyo hivyo chini ya pete. Petroli haivuji kwa sababu iko chini, ila mvuke unapita.

Moshi ukitokea hapo, kazi yake ni hii. Tangi liwe robo au chini. Chomoa waya wa hasi wa betri, milango wazi, hakuna taa ya waya wala sigara karibu. Futa vumbi lote kuzunguka pete kabla ya kuifungua, la sivyo linaangukia kwenye tangi. Pete igongwe kwa kipande cha shaba au mti mgumu, chuma kwa chuma kinatoa cheche. Tazama mfereji wa tangi na ukingo wa chini wa kifuniko cha pampu. Nyufa nyembamba za plastiki kwenye maungio ya paipu huvuja kama mpira mbovu, na wengi wanazipita.

Mpira mpya ukae kwenye mfereji kwanza, ndipo pampu ishuke juu yake. Usiuvishe pampu halafu ukashusha vyote pamoja, unabiringika. Bila silikoni. Silikoni ya kawaida inalainika kwenye petroli na vipande vyake vinaishia kwenye kichujio cha pampu. Pete iliyoliwa na kutu ibadilishwe, kwani haibani sawasawa hata mpira ukiwa mpya.

---

Mpira_Mkavu:
Mmekisia sawa. Moshi umetoka kwenye pete, upande wa nyuma, uzi mmoja mwembamba unaonekana tu tochi ikiwekwa chini. Mpira wa zamani ulikuwa umebana nje ya mfereji kwa urefu wa kidole kimoja. Mpya umewekwa, moshi hautoki tena. Nimefuta namba. Nitajuaje kwamba kompyuta imeridhika, siyo kwamba haijapima tu?

---

Nyaya_na_Mipira:
Fungua ukurasa wa utayari wa vipimo kwenye skana, unaoonyesha vipimo ambavyo kompyuta imemaliza kujipima. Ulipofuta namba ulifuta na utayari wote, kwa hiyo mstari wa mfumo wa mvuke sasa utasema haujakamilika. Mpaka useme umekamilika, taa kuzimika hakuna maana yoyote.

Kipimo hiki ndicho chenye masharti mengi kuliko vyote. Tangi liwe kati ya asilimia 15 na 85, mimi ningeweka nusu. Gari lilale angalau saa nane, ili joto la maji ya injini na la hewa inayoingia yawe karibu sawa unapowasha. Hali ya hewa isiwe ya joto kali. Kisha endesha mwendo wa kawaida nusu saa, sehemu ya mwendo wa utulivu, bila kukata kona kwa nguvu, maana petroli ikisukwasukwa sensa inaona mawimbi na kompyuta inaahirisha. Magari mengine yanapima ukishazima, yakitumia petroli inavyopoa, kwa hiyo ukifika acha limesimama, usiliwashe tena kuhamisha mita mbili. Yapo pia yenye pampu ndogo kwenye kanista inayojiwasha saa tano baada ya kuzima. Ukisikia mvumo huko nyuma usiku, ni kipimo kinaendelea, si pampu ya mafuta iliyosahauliwa.

Usijaze mafuta injini ikiwa inanguruma katika siku hizo. Kompyuta ikikuta kifuniko wazi katikati ya kipimo itaandika P0455 au P0457 na utarudi hapa ukidhani kazi imeharibika.

Ikikamilika, ingia kwenye namba zinazosubiri, siyo zilizothibitishwa tu. Kwa kosa hili kompyuta kwa kawaida inataka lishindwe safari mbili kabla ya kuwasha taa, hivyo namba inayosubiri ndiyo ya kwanza kuonekana. Kukiwa hakuna kitu hapo na utayari umekamilika, rudisha kofia ya kijani kwenye mdomo wa huduma na ufunge kinga za chini.

---

Mpira_Mkavu:
Siku ya tatu, tangi nusu: utayari umekamilika, zinazosubiri hakuna. Nimejaza mara moja baada ya hapo, nikaacha bunduki ilipokata yenyewe, na imewaka papo hapo. Asanteni sana wakuu.